Skrini Pana kwa Faharasa ya Lugha Tatu: Shajara ya Mradi, Bukoto

3 Februari

Awamu ya pili ya faharasa yetu ya maneno ya kilimo imeanza leo, nayo imeanza kwa mjadala wa skrini kabla ya mjadala wa msamiati. Faharasa hii inaweka Kiswahili, Luganda na Kiingereza katika safu tatu zinazokwenda bega kwa bega, na hadi sasa ina vidahizo, yaani maneno yaliyoorodheshwa, 1,240. Tunaifanya watu watatu katika chumba kimoja hapa Bukoto, Kampala: mimi ninayeratibu na kuhariri upande wa Kiswahili, Mwalimu, aliyesomesha Luganda kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, ambaye kauli yake ndiyo ya mwisho juu ya tahajia ya lugha hiyo, na Dada, msanifu wetu wa kurasa, ambaye huketi mbele ya kompyuta kwa saa nyingi kuliko sisi wawili.

Kisa kilichotufikisha hapa ni hiki. Mwezi uliopita, wakati wa kuhamisha data kutoka faili moja kwenda nyingine, safu ya Luganda ilisogea chini kwa mstari mmoja, ikawa mbele ya "mahindi" pameandikwa "ebijanjaalo", ambayo ni maharagwe, na "kasooli", ambayo ndiyo mahindi yenyewe, ikaangukia neno lililofuata. Kosa liliendelea hivyo kwa kurasa mbili nzima. Laptopu yetu ina skrini ya pikseli (vitone vidogo vinavyounda picha) 1366 kwa 768, na monita kuukuu ya inchi 19 iliyo kando yake, yenye umbo linalokaribia mraba, ina 1280 kwa 1024. Kwa hiyo siku zote tulikuwa tukiona safu mbili kwa wakati mmoja na ya tatu tukiifuata kwa kusogeza ukurasa. Aliyehakiki Kiswahili na Kiingereza aliona vinalingana, na aliyehakiki Luganda aliisoma Luganda peke yake akaiona sahihi. Kila mmoja alikuwa na haki kwa kile alichokiona, lakini kitabu kilikuwa na makosa.

Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya katiba ya 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Vitabu vya aina hii vitashikwa na watoto ambao hawana Kiswahili cha nyumbani cha kuwasahihishia, na mtoto akisoma kwamba mahindi ni ebijanjaalo, kosa hilo ni letu. Tumekubaliana kutenga shilingi milioni 2 kwa monita moja yenye skrini pana.

5 Februari

Kabla ya kwenda dukani nimetaka tukubaliane juu ya vipimo, kwa sababu inchi zinazoandikwa kwenye boksi ni za mshazari, yaani kutoka pembe moja ya kioo hadi pembe iliyo mkabala nayo, na kipimo hicho hakimwambii mnunuzi upana wala kimo. Monita ya inchi 34 yenye umbo linaloitwa 21 kwa 9, yaani upana kwa kimo, ina upana wa sentimita 80 hivi na kimo cha sentimita 33 na ushei. Monita ya inchi 27 yenye umbo la kawaida la 16 kwa 9 ina upana wa sentimita 60, nayo kimo chake ni karibu kilekile, 33 na nusu. Anayetoka 27 kwenda 34 akitarajia kioo kilichokua pande zote atakuta kimekua upande mmoja tu.

Hata hiyo 21 kwa 9 ni namba ya kukadiria. Skrini ya pikseli 2560 kwa 1080 ina uwiano wa 64 kwa 27, na ile ya 3440 kwa 1440 ina uwiano wa 43 kwa 18. Hesabu ya kwanza kati ya hizo ina mpangilio unaonipendeza: ukichukua umbo la zamani la 4 kwa 3 na kulizidisha kwa lenyewe unapata 16 kwa 9, na ukizidisha tena kwa 4 kwa 3 unapata 64 kwa 27. Mwalimu alinitaka niifanye ubaoni ndipo akaikubali.

Kipimo chetu sisi, hata hivyo, hakitoki kwenye boksi. Kinatoka kwenye ukurasa. Kitabu kitachapishwa kwa karatasi ya A4, yenye upana wa sentimita 21 na urefu wa sentimita 29.7, na Dada anataka kuuona ukurasa mzima kwa ukubwa wake halisi, bila kuupunguza na bila kuusogeza. Nilinunua karatasi za manila, nikakata vipande vinavyolingana na kila monita tuliyokuwa tukiifikiria, nikavibandika ukutani kwa selotepu, kisha nikaweka karatasi ya A4 juu ya kila kimoja. Jambo lilionekana pale pale. Kipande cha inchi 29 chenye umbo la 21 kwa 9 kina upana mzuri wa sentimita 68, lakini kimo chake ni 28.6 tu, na karatasi ya A4 ilitokeza kwa chini zaidi ya sentimita moja. Cha inchi 24 cha kawaida kina kimo cha 29.9, ambacho kinaitosha karatasi lakini hakiachi nafasi ya upau wa menyu wala upau wa chini. Cha inchi 34 kiliimeza karatasi na kubakiza sentimita tatu na nusu. Monita ya inchi 29, ambayo kwa bei ndiyo iliyokuwa ikituvutia, imeondolewa leo kwa ushahidi wa karatasi ya manila.

7 Februari

Leo tumejadili mapendekezo mengine mawili. La kwanza, la Mwalimu, ni monita mbili za inchi 24 badala ya moja pana, ambazo zingegharimu pungufu na zingekuwa na upana mkubwa zaidi kwa jumla, sentimita 106. Ni pendekezo la haki, na kwa mtu anayefanya kazi mbili zisizohusiana, kwa mfano barua pepe upande mmoja na hesabu upande mwingine, ningemshauri alichukue. Kwetu kasoro yake ni kwamba fremu mbili hukutana katikati, mahali hasa ambapo safu ya pili ya jedwali inapaswa kuwa, na shingo hulazimika kuchagua upande mmoja siku nzima.

La pili ni monita ya inchi 32 yenye pikseli 3840 kwa 2160. Ina pikseli 8,294,400, wakati ile ya 3440 kwa 1440 ina 4,953,600, na herufi zake ni safi mno. Kilichoizuia ni kimo cha sentimita 40. Mwalimu huvaa miwani ya lenzi mbili, na husoma kwa sehemu ya chini ya lenzi. Kioo kikipanda juu, naye huinua kidevu ili kukifuata, na baada ya saa moja shingo inamuuma. Tulijaribu kwa kipande cha manila na gazeti lililobandikwa juu yake. Baada ya dakika kumi akasema, "Mwanangu, hiki kitanifanya niwe kama kuku anayekunywa maji." Suala likaishia hapo.

9 Februari

Kuna monita za inchi 34 za aina mbili ambazo kwa mbali hufanana kabisa: moja ina pikseli 2560 kwa 1080, nyingine 3440 kwa 1440. Ukubwa wa kioo ni ule ule, na bei ya kwanza ni nafuu. Tofauti yao imo katika msongamano wa pikseli, yaani idadi ya pikseli katika kila inchi ya kioo: ya kwanza ina 82 hivi, ya pili 110.

Tofauti hiyo ina uzito gani? Kwa Kiswahili peke yake ningesema si kubwa, kwa kuwa sauti ya "ng'ombe" tunaiandika kwa herufi mbili na ritifaa ambayo jicho huizoea. Luganda ina herufi yake, ŋ, ambayo ni n yenye mkia mdogo unaojikunja kushoto. Neno la ngano ni "eŋŋaano" na la ngoma ni "eŋŋoma", na katika fonti ya pointi 9 tunayotumia kwenye jedwali, mkia ule una pikseli moja au mbili tu. Kwenye monita yetu ya inchi 19, ambayo ina pikseli 86 kwa inchi, nilimwomba Mwalimu asome orodha ya maneno thelathini ambamo nilikuwa nimebadilisha ŋ nne kuwa n. Alikamata mbili. Nilipomchapishia orodha hiyo hiyo karatasini alizikamata zote nne kabla sijaketi. Kwa maana hiyo pikseli 82 kwa inchi ni kurudi nyuma hata kuliko kifaa tunachotaka kukiacha, na monita ya 2560 kwa 1080 yenye inchi 34 nayo imeondolewa. Nimeandika sababu hii kwa urefu kwa sababu wauzaji wengi watamwambia mnunuzi kwamba tofauti ni ya wachezaji wa michezo ya kompyuta na wahariri wa filamu. Ni ya kila anayesoma herufi ndogo.

11 Februari

Tumezunguka maduka ya katikati ya jiji, mimi na Dada, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa nane. Tulibeba faili yetu wenyewe ndani ya flashi, na ninasisitiza umuhimu wa jambo hili: picha za maonyesho zinazowekwa dukani, za samaki wa rangi na maua, hazionyeshi lolote kuhusu herufi. Katika duka la tatu mwenye duka alituruhusu kufungua jedwali letu, akasogea kando akasema, "Nnyabo, tazameni mpaka mridhike."

Tulitazama mambo mawili. Kwanza, aina ya paneli, yaani kioo chenyewe kinachoonyesha picha. Paneli za VA zina weusi mzito unaopendeza kwa filamu, lakini mtu akizitazama kwa upande rangi hufifia. Za IPS hushikilia rangi hata ukiwa pembeni. Kwa kuwa Mwalimu huketi ubavuni mwa Dada na wote wawili husoma kioo kimoja, IPS ndiyo inayotufaa. Za TN, ambazo ndizo dhaifu zaidi kwa kutazamwa kwa pembe, hatukuzikuta katika saizi hii.

Pili, mpindo. Monita nyingi pana zimepinda, na mpindo huo huandikwa kwa namba kama 1500R au 1800R, maana yake nusu kipenyo cha duara ambalo kioo kinafuata, kwa milimita; 1800R ni duara la nusu kipenyo cha mita 1.8, na namba ikipungua mpindo unaongezeka. Kwa anayeketi peke yake katikati, mpindo huleta kingo za kioo karibu na macho, na watu wengi huusifu. Dada aliketi mbele ya iliyopinda, akafungua jedwali, akashika rula na kuiweka kwenye mstari wa juu wa safu. Mstari ulikuwa sawa, lakini alisema jicho lake lilikuwa likiuona umelegea katikati kama kamba ya nguo. Msanifu wa kurasa asiyeiamini mistari yake hawezi kufanya kazi. Tumechagua iliyonyooka: inchi 34, IPS, 3440 kwa 1440, kwa shilingi 1,650,000.

14 Februari

Monita imefika. Boksi lina urefu wa karibu mita moja, na ingawa kijana wa boda aliapa kwamba amebeba makubwa zaidi, nimelileta kwa teksi ya kukodi, likiwa limesimama wima kama mishale ya boksi inavyoelekeza.

Kabla ya kufanya kazi yoyote tuliijaribu. Tulijaza kioo chote kwa rangi moja moja: nyekundu, kijani, buluu, nyeupe, kisha nyeusi. Rangi nne za kwanza hufichua pikseli zilizokufa, na nyeusi, chumba kikiwa na giza, hufichua pikseli zilizokwama zikiwaka pamoja na mwanga unaovuja kutoka nyuma ya paneli. Kwenye nyeupe tulikuta vitone vitatu vyeusi vilivyokaribiana, karibu na katikati, ukubwa wa punje ya ulezi vikiwa pamoja. Kwenye nyeusi, pembe ya chini kushoto ilikuwa na doa la manjano pana kama kiganja. Mwanga kidogo pembeni ni tabia ya paneli za IPS na hutofautiana kati ya kifaa na kifaa, lakini vitone katikati ya kioo, mahali pa safu ya Luganda, havivumiliki: kitone kimoja kikikaa juu ya herufi huwa alama ya ziada.

Tumepiga picha, tumehifadhi risiti na vifungashio vyote, na nimepiga simu dukani.

18 Februari

Siku nne za majibizano. Muuzaji alishikilia kwamba pikseli tatu hazifikii idadi ambayo mtengenezaji huikubali kama kasoro, na kweli watengenezaji wengi huweka idadi kama hiyo. Kilichotusaidia ni kwamba siku ya kununua tulikuwa tumemwomba aandike kwa mkono kwenye risiti kwamba monita itabadilishwa ndani ya siku saba iwapo itakuwa na pikseli zilizokufa, naye alikuwa ameandika na kutia sahihi. Leo amebadilisha. Ya pili haina kitone hata kimoja. Ina mwanga hafifu pembe ya chini kulia, unaoonekana gizani tu.

19 Februari

Picha ni safi, lakini mshale wa kipanya unakwenda kwa kurukaruka, na Dada amelalamika kwamba macho yamemchoka kabla ya saa sita. Chanzo nimekipata jioni. Laptopu yetu ina tundu la HDMI la toleo la 1.4, lililotolewa mwaka 2009, na kupitia hilo ilikubali kuchora picha mara 30 tu kwa sekunde katika ukubwa huu. Picha ya pikseli 3440 kwa 1440, kila pikseli kwa biti 24, ikichorwa mara 60 kwa sekunde, ni zaidi ya biti bilioni 7 kila sekunde, na hiyo ni kabla ya kuhesabu ishara za ziada zinazosafiri pamoja nayo. Kebo tuliyoletewa ndani ya boksi haikuwa na kosa. Upungufu ulikuwa kwenye laptopu.

Laptopu hiyo hiyo ina tundu dogo la DisplayPort 1.2, ambalo tulikuwa hatujawahi kulitumia. Kebo ya kutoka tundu hilo dogo kwenda DisplayPort ya kawaida imegharimu shilingi 45,000, na mara 60 zimepatikana papo hapo. Anayepanga kununua skrini pana aitazame kwanza kompyuta aliyo nayo, tundu kwa tundu, kabla ya kuitazama monita.

24 Februari

Meza. Ile ya zamani ina kina cha sentimita 60, na stendi ya monita inakula karibu 25, kwa hiyo macho ya Dada yalikuwa sentimita 50 tu kutoka kwenye kioo chenye upana wa 80. Kwa umbali huo kichwa hugeuka kulia na kushoto kama mtu anayetazama mpira wa meza. Kwa sentimita 75, urefu wa mkono ulionyooshwa na kidogo zaidi, kioo chote huingia machoni kwa kugeuza macho tu.

Fundi seremala wa Ndeeba ametutengenezea meza ya mbao za mugavu yenye kina cha sentimita 90. Ukingo wa juu wa kioo tumeuweka chini kidogo ya usawa wa macho ya Dada, na Mwalimu anapoketi tunaushusha zaidi, kwa sababu ya miwani yake. Dirisha letu linatazama magharibi, na kuanzia saa kumi jua huingia moja kwa moja; meza imegeuzwa ili dirisha liwe ubavuni, si mbele wala nyuma ya anayefanya kazi.

3 Machi

Wiki nzima ya kujifunza kuitumia, na hapa ndipo penye faida yote.

Kosa la siku ya kwanza lilikuwa kulifungua dirisha moja likajaza kioo chote. Mstari wa maandishi wenye sentimita 80 hausomeki: jicho likifika mwisho wake na kurudi mwanzo, hukosa mstari unaofuata, na Mwalimu alisoma tafsiri moja mara mbili bila kujua. Skrini pana inataka kugawanywa. Windows yenyewe hugawa kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na mishale, lakini nusu kwa nusu haikutufaa, kwa kuwa mpaka huangukia katikati, mahali ambapo macho yanataka kutulia. Tumeweka PowerToys, programu ya bure ya Microsoft, na kwa kifaa chake cha FancyZones tumechora sehemu tatu: pikseli 1000 kushoto, 1440 katikati, 1000 kulia. Kushoto ni ukurasa wa PDF wa chanzo. Katikati ni jedwali, na ndipo mikono inapoandika. Kulia ni kamusi na maelezo ya Mwalimu. Pikseli 1000 ni sentimita 23, zinazoitosha karatasi ya A4 kwa upana.

Ukurasa uliowekwa kwa asilimia 100, hata hivyo, ulionekana mdogo kuliko karatasi yenyewe. Programu yetu ya PDF ilikuwa ikichukulia kwamba kioo kina pikseli 96 kwa inchi, ilhali hiki kina 110. Nilishika karatasi ya A4 juu ya kioo huku Dada akiongeza ukubwa taratibu, na kwa asilimia 114 kingo zililingana pande zote nne. Alitabasamu kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu mradi uanze.

Alhamisi, saa tano asubuhi, Mwalimu alivuta kiti, akasoma kwa sauti kidahizo kimoja kwa lugha tatu bila kugusa kipanya, kisha kinachofuata, kisha kinachofuata. Kwenye kidahizo cha 412 alinyamaza, akaweka kidole kwenye kioo, akasema, "Hapa mkia umepotea." Ilikuwa "eŋŋaano", na herufi moja ilikuwa n tupu. Siku hiyo tulipata mikia kumi na moja iliyopotea, na mistari sita ambayo ilikuwa bado imesogea tangu Januari.

17 Machi

Mvua zimeanza, na umeme unakatika. Tumegundua udhaifu ambao hakuna aliyetutahadharisha nao: laptopu ina betri, monita haina. Umeme ukikatika laptopu huendelea, lakini madirisha yote matatu hukimbilia kwenye skrini yake ndogo na kurundikana, na umeme ukirudi mpangilio huwa umevurugika. Windows 11 ina chaguo la kukumbuka mahali pa madirisha kulingana na monita, nalo husaidia, ila si kila mara.

Suluhisho letu ni kuichomeka monita kwenye UPS ndogo, kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme unapokatika, ya volti-ampea 650. Kwa kipimo chetu monita hutumia wati 45 hivi kwa mwanga wa kawaida, na UPS huibeba kwa nusu saa na zaidi kidogo, muda unaotosha kumaliza ukurasa na kuhifadhi. Radi zikikaribia tunachomoa kila kitu, UPS yenyewe ikiwemo.

2 Aprili

Kikao cha mtandaoni na wahakiki wetu wa Mbale na Mbarara. Niliwaonyesha kioo chote, nikaanza kueleza, na baada ya dakika chache mhakiki wa Mbale akasema kwa upole, "Ndugu mratibu, sisi huku tunaona mchwa wanatembea." Laptopu zao ni za 1366 kwa 768. Picha yetu ikibanwa humo, upana wote wa 3440 huingia katika 1366, kila herufi hubaki na asilimia 40 tu ya upana na ya kimo chake kwa pikseli, na juu na chini hubaki mikanda miwili myeusi. Kuanzia leo tunawaonyesha dirisha moja tu, lile la katikati, na mimi hulipunguza kwanza lifanane na umbo la skrini zao.

16 Aprili

Prufu ya kwanza ya rangi, yaani nakala ya majaribio, imetoka Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala, na majani ya mkahawa kwenye jalada yametoka ya giza, karibu kuwa meusi. Mchapaji ametupokea kwa subira, kwani kosa lilikuwa letu: mwangaza wa monita ulikuwa juu mno, na kioo chenye kung'aa kupita kiasi kilitufanya tuitie picha giza ili ionekane sawa. Kioo huchanganya mwanga mwekundu, kijani na buluu, na matbaa huchapa kwa wino wa rangi nne, kwa hiyo havitafanana kabisa. Lakini vinaweza kukaribiana. Tulifungua ukurasa mtupu mweupe, tukashika karatasi nyeupe kando yake chini ya taa ya mezani, tukashusha mwangaza mpaka weupe wa kioo ukalingana na wa karatasi. Mwangaza umetoka 80 hadi 32. Macho ya Dada yamepumzika pia, na prufu ya pili imetoka na majani yenye kijani kilichokusudiwa.

Vumbi jekundu la kiangazi tunalifuta kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo wa maji, monita ikiwa imezimwa, bila spiriti wala dawa ya vioo vya madirisha.

6 Mei

Vidahizo vyote 1,240 vimesomwa kwa safu tatu kwa pamoja, mara mbili: mara ya kwanza Mwalimu akisoma na mimi nikifuata, mara ya pili tukibadilishana. Katika mzunguko wa pili tumekuta makosa manne, yote ya Kiswahili, yote yangu. Yamesahihishwa.

Yaliyobaki ni haya. Mwanga wa pembe ya chini kulia haujaongezeka, na Dada ataupiga picha kila mwezi hadi dhamana ya mwaka mmoja iishe. Monita ya inchi 19 imekwenda kwenye meza ya Mwalimu, ambaye anaitumia kusomea barua kwa herufi kubwa. Faili ya mwisho imepelekwa Nasser Road leo saa nane mchana, na mchapaji ameahidi prufu za karatasi Ijumaa. Tutazisoma hapa mezani, karatasi mkononi na ukurasa ule ule kwenye kioo, kwa asilimia 114.